Kilo Mia Nne za Kumpeleka Mama

Tangu alipoteleza kwenye ngazi za nyumba yetu, mama yangu alikuwa na namna mpya ya kuzungumza akiwa ndani ya gari. Alianza sentensi vizuri, kwa sauti yake ileile ya kubishania bei ya nyanya, kisha tairi likaingia kwenye shimo na sentensi ikakatika. Alimeza mate. Alishika mshikio wa juu ya mlango. Tukishapita, aliendelea palepale alipoishia, kama mtu aliyeweka kitabu pembeni kwenda kumfungulia mgeni. Hakusema panauma. Sijawahi kumsikia akisema panauma, hata siku ile alipokaa chini ya ngazi akitupa maelekezo ya namna ya kumbeba.

Kwa hiyo nilihesabu sentensi. Kutoka kwetu, ghorofa ya tatu nyuma ya soko la Kariakoo, hadi kliniki ya mifupa, zilikatika tisa, na mbili hazikuendelea tena.

Daktari alisema mfupa mmoja wa mgongo ulipata ufa na sasa unaunga vizuri. Anaweza kusafiri, ila asirushwerushwe. Nikamweleza kwamba huko tunakotaka kwenda lami inafika mahali inakoma, halafu kuna kilomita arobaini za mchanga, mizizi na makorongo. Akanitazama kidogo, akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi ya mama, kwa herufi kubwa: ASIRUSHWERUSHWE.

Huko kusini kuna dada yake mkubwa. Ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto saba wa nyumba ile, ukimwondoa mama. Hawezi kusafiri, miguu imegoma. Kila Ijumaa walikuwa wakipigiana simu, vikongwe wawili wasiosikia vizuri, mtandao nao wa kubahatisha, na mazungumzo yao yalikuwa hivi: "Unasemaje?" "Nasema unasemaje?" Baada ya moja ya simu hizo mama alinirudishia kisimu chake, akasema bila kunitazama, "Nataka nimwone. Siyo kumzika. Kumwona."

Ndiyo maana mimi, mtu niliyesoma fasihi na falsafa kwa gharama ya umma, nikaanza kujifunza habari za springi.

Gari ninalo. Ni pikapu ya Kijapani yenye viti vya nyuma, niliyonunua kwa mtu wa Buguruni aliyekuwa akibebea nondo. Niliinunua kwa sababu niliamini kwamba mwandishi mwenye pikapu huonekana kama mtu aliyefika mahali. Kwa miaka minne imenibeba mimi, maboksi mawili ya vitabu vyangu ambavyo havikununuliwa, na siku moja friji ya jirani. Ikiwa tupu, na siku zote ilikuwa tupu, iliruka kwenye kila tuta kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilidhani huo ndio ukakamavu wake.

Nilianzia mtaa wa Msimbazi, kwenye duka la spea lenye viyoyozi na vioo. Muuzaji alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, mikono misafi kabisa. Alinitolea boksi moja baada ya jingine kama muuza saa. Kulikuwa na shokapu za gesi, nyekundu. Kulikuwa na springi nyeusi zinazong'aa ambazo zingeinua gari inchi mbili.

"Hii seti ni ya jangwani kabisa, bosi wangu," alisema. "Ukifunga hii, korongo unalisalimia tu."

"Abiria wa nyuma atajisikiaje?"

"Ataringa. Kwani abiria mwenyewe ni nani?"

"Mama yangu. Ana miaka sabini na nane."

Akaacha mkono juu ya boksi. "Basi chukua na mto," akasema.

Seti nzima ilikuwa milioni tatu na nusu, kufunga mbali. Nilirudi nyumbani nikachora jedwali. Nimezoea jedwali, ni njia ya kuahirisha uamuzi huku ukionekana unafanya kazi. Upande huu seti nyekundu, upande huu springi za mtumba kutoka Japani, upande huu kuacha kama ilivyo. Kwa chini nikaweka bei, ulaini, kimo, na mstari mmoja nilioupa jina "maswali nitakayoulizwa na mke wangu". Seti nyekundu ilishinda kila mahali isipokuwa kwenye bei na kwenye mstari huo.

Wakati huohuo habari kwamba tunakwenda kusini zilikuwa zimeshafika kwenye kundi la simu la watu wa kwetu. Msomaji wa Dar anajua kinachofuata. Hakuna anayekwenda kwao peke yake. Unakwenda na mizigo ya wote waliobaki. Walianza kupanda ngazi zetu jioni ileile. Mshonaji alileta kichwa cha cherehani kilichozungushiwa kanga. Mwingine alileta sare za shule za watoto wa dada yake, mwingine katoni za sabuni. Na muuza magodoro wa mtaa wa pili, mtu wa kijiji kimoja na mama, alileta godoro la baba yake na mabati kumi.

Niliwakataa wote. Niliwaeleza pale kwenye kizingiti, kwa sauti ya kufundishia, kwamba kila kilo inayoongezeka ni adhabu kwa springi, na springi ikiadhibiwa anayeumia ni mama. Gari liwe jepesi kama unyoya. Niliona nimesema kitu cha kisayansi kabisa. Watu walinitazama, wakamtazama mama aliyekuwa amelala kwenye kochi nyuma yangu, wakanyanyua mizigo yao wakashuka.

Mama alingoja mlango ufungwe.

"Kwa hiyo nitafika kwetu mikono mitupu," alisema. "Baada ya miaka sita. Kama niliyefukuzwa."

"Mama, ni kwa ajili ya mgongo wako."

"Mgongo utapona. Aibu je?"

Muuza magodoro hakuondoka na hasira, au kama aliondoka nazo alizificha vizuri. Asubuhi yake nilimkuta mbele ya duka lake, ameegemea magodoro yaliyopangwa hadi kwenye paa. "Kaka," aliniita, "kabla hujatoa hizo milioni, pita Buguruni kwa fundi springi. Muonyeshe tu. Kuonyesha ni bure."

Nilikwenda ili niweze kusema nilikwenda.

Karakana ya yule fundi ilikuwa paa la bati lenye nguzo nne, nyuma ya barabara ambako malori hugeuzia. Kila mahali palikuwa na majani ya springi, vile vipande bapa vya chuma vinavyolala chini ya gari: yamepangwa, yameegemezwa, yamefanywa benchi, yamefanywa uzio. Mwenyewe alikuwa anakula chapati amesimama. Baada ya salamu niligundua kwamba tunalingana umri. Tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja. Yeye alikuja moja kwa moja kwenye chuma, mimi nikaendelea na shule. Nilipomwambia nafanya kazi gani aliniita profesa, na hakuacha mpaka mwisho, ingawa nilimsahihisha mara mbili.

Sikupata nafasi ya kumwonyesha jedwali langu. Alimaliza chapati, akapiga jeki, akafungua boliti, akauteremsha ule mzigo wote wa chuma kutoka chini ya gari. Halafu akafungua boliti ya katikati na kuyalaza majani kwenye mpira mkuukuu, refu kwanza, fupi mwisho. Upande wa kulia saba. Upande wa kushoto saba. Akachuchumaa akayatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya ukoo.

"Aliyekuuzia alikuwa anabeba chuma kirefu," alisema.

"Nondo."

"Nondo. Na alikuwa mtu wa haraka, hapangi. Anatupia upande wa kulia tu, upande anaotokea." Alipitisha kidole kwenye majani ya kulia, ambako ncha zilikuwa zimechimba mifereji kwenye jani la juu yake. "Haya matano ni ya gari. Haya mawili ya chini ni ya lori, aliongezea yeye. Halafu akaacha kubeba." Akageuza jani la lori. Kutu yake ilikuwa nzima, laini, rangi ya karanga. "Miaka mitatu, minne hivi, hili halijaguswa. Wewe huna kitu unachobeba, profesa."

"Nabeba vitabu."

"Vitabu havijafika huku chini."

Nimekaa mbele ya watu wenye shahada tatu wakichambua ukurasa mmoja kwa saa nzima, nami nimefanya hivyo na nimelipwa. Sijawahi kuona usomaji kama ule. Miaka minne ya maisha yangu ilikuwa imelala pale kwenye mpira, pamoja na tabia za mtu niliyekutana naye mara moja tu, siku ya kukabidhiana funguo, na kweli sasa nilikumbuka kwamba alikuwa na haraka.

Kisha akachukua spana na kuanza kugonga. Aliliinua jani moja moja kwa kidole kimoja kwenye tundu la katikati, akaligonga, akaacha lilie. Yalilia vizuri, kila moja na sauti yake, refu kwa besi na fupi kwa juu. La tatu la upande wa kulia lilisema "ti", likanyamaza. Akaligonga tena. Ti.

Nililichukua nikalikagua. Nilivaa miwani. Halikuwa na kitu.

Hakubishana nami. Alilipaka mafuta ya taa, akalifuta mpaka likakauka, akalipaka chokaa nyembamba ya maji kwa brashi ya nyusi. Tukasubiri. Chokaa ilikauka ikawa nyeupe. Halafu, polepole, bila mtu kugusa kitu, mstari mweusi mwembamba kama unywele ukajichora kutoka ukingo mmoja hadi karibu na tundu. Mafuta yaliyokuwa yameingia kwenye ufa yalikuwa yanatoka yenyewe kuuonyesha.

Nilikuwa natazama mstari ule na kuona korongo la kilomita ya ishirini na tano, gari limelala upande mmoja, na mama kwenye kiti cha nyuma ameshika mshikio bila kusema panauma.

"Wa mama yako uko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Ufa. Umesema ana ufa."

Nikamwonyesha kwa mkono mgongoni kwangu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa aina ya boliti.

Kazi ilichukua siku mbili, nami nilikwenda zote mbili ingawa hakuna aliyenihitaji. Alitoa majani ya lori, yote manne, akayatupa kwenye lundo. Mahali pa lile lenye ufa aliweka jingine alilolichagua kwenye lundo hilo bila kupima, kwa kulitazama tu. Mkunjo wake haukulingana na wenzake, kwa hiyo alilitia kwenye mkaa, feni ikapuliza, chuma kikawa rangi ya ndizi iliyoiva, akalitoa na kuligonga juu ya kipande cha reli. Aligonga kidogo kuliko nilivyotegemea. Alilitumbukiza kwenye mafuta machafu, moshi ukafunika paa zima, na lilipopoa alililaza juu ya lenzake. Lilikaa. Hata mwanga haukupita katikati yao. Nilitafuta mwanga huo kwa bidii, nimelala kifudifudi kwenye vumbi la Buguruni na suruali yangu ya kufundishia.

Shokapu alinituma ninunue mpya, mbili, za kawaida. "Siyo nyekundu," alisema. Na bushi, zile raba za kwenye maungio. Kwa jumla, pamoja na ufundi wake, nilitoa chini ya sehemu ya tano ya bei ya lile boksi.

"Sasa mnapakia nini?" aliuliza alipomaliza.

Nilijibu kwa fahari. "Hakuna. Nimekataa mizigo ya watu wote. Gari liwe jepesi."

Aliweka spana chini. Alicheka kwanza, akaniomba radhi, akacheka tena.

"Profesa, hii ni gari ya kubeba. Springi ikiwa haina cha kubeba inabeba nini? Inakurusha wewe. Ukitaka mama alale, mpe chuma kazi. Nataka kilo mia nne. Mifuko minane ya saruji, lakini isiwe saruji, itapasukia kwenye makorongo. Iwe vitu vya kulala pamoja. Vizito vikae mbele ya ekseli ya nyuma." Akaingia chini ya gari, akaweka kiganja kati ya ekseli na kile kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigongane. "Ukipakia, hapa paingie vidole vinne. Vyangu. Vyako weka sita."

"Na wakati wa kurudi? Tutakuwa watupu."

"Kwani mama kwao wapi?"

Nikamtajia.

"Ahaa. Watani zangu." Uso ulimbadilika akawa kama mtu aliyeokota kitu. "Watani zangu wana kasoro nyingi, nitazitaja akija mwenyewe. Lakini hawajui kumwacha mtu aondoke mtupu."

Kwa hiyo nilizunguka Kariakoo kuomba mizigo niliyoikataa. Sitaieleza safari hiyo kwa kirefu. Mshonaji alisema alidhani gari langu ni la vioo. Mwenye sabuni alinifanya nirudie ombi langu mbele ya wateja. Muuza magodoro alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, halafu akauliza, "Kwa hiyo kile ulichotufundisha mlangoni?"

"Nilikosea."

"Kilikuwa kirefu sana kwa kitu cha kukosea," alisema, akaniongezea godoro la pili, kwa ajili ya shangazi yake.

Fundi alitaka mama aje kabla ya safari. Siku hiyo tulipakia kwanza: mabati chini, kichwa cha cherehani na magunia ya sukari tuliyoongezewa mbele ya ekseli, sabuni, sare, magodoro juu. Tukamshusha mama ngazi kwa kiti, tukaenda Buguruni polepole. Fundi alifuta mikono akaja dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi?"

"Ndiye mimi. Nimesikia harufu toka mbali nikasema watani wanakuja. Panya wa kukaanga wamo humo kwenye magunia?"

Nilitaka kutoweka. Mama alijiinua kidogo kwenye kiti. Sikuwa nimemwona akijiinua hivyo kwa wiki nyingi.

"Wamo," alisema. "Na wewe tunakupakia sasa hivi. Kule kuna bibi mmoja anataka mume wa pwani, wa kukaa barazani na kudai chai."

"Ana korosho?"

"Anazo. Hatakupa."

Fundi alikwenda nyuma, akaingiza mkono juu ya ekseli. Akaagiza katoni mbili zisogezwe mbele. Akaingiza tena. Akapunguza upepo kwenye tairi zote nne, akiniambia kwamba huko kwenye mchanga nipunguze zaidi. Kisha akaketi mbele kando yangu, akanielekeza kwenye barabara ya mashimo inayoteremka kuelekea bonde la Msimbazi, ile ambayo hata pikipiki huipita kwa tahadhari.

"Mama," alisema bila kugeuka, "wewe zungumza tu. Kitu chochote."

Sikuwa nimemwambia habari za sentensi. Mpaka leo sijui kama alikisia, au ndivyo anavyowapima wote.

Mama akaanza habari ya kanga. Kabla sijazaliwa, alisema, dada yake alimwazima kanga mpya ya harusi, haijafuliwa hata mara moja, akasema ataivaa siku moja tu kwenye ngoma ya jirani, na shimo la kwanza hilo likaja, gari likazama na kuinuka kama mtu anayevuta pumzi, naye akaendelea kwamba siku moja ikawa mwezi, na mwezi ukawa masika, na kila alipouliza aliambiwa imefuliwa haijakauka, masika gani hayo yasiyokausha kanga miaka hamsini na tano, na hapo tulikuwa kwenye korongo lenyewe, magurudumu ya kushoto yamekwenda chini na ya kulia yako juu, na nyuma kule kilo mia nne za watu wa kwetu zililalia chuma, chuma kikakubali, na mama akasema kwamba safari hii hatatoka mle ndani mpaka ameiona kwa macho yake hata kama ni tambara la jikoni.

Akaweka nukta. Nilikuwa nimesimamisha gari. Sikumbuki nilisimamisha lini.

"Mbona umesimama?" aliuliza mama.

Fundi alikuwa anatazama nje ya dirisha, anachokoa meno. "Imekaa," alisema.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Makorongo yapo kama yalivyokuwa, nadhani yameongezeka. Kwenye kilomita ya ishirini na tano mama alilala. Tulipofika, dada yake alikuwa amewekwa kwenye mkeka nje tangu asubuhi, na watu walitoka kwenye nyumba zote kupokea mabati yao, sabuni yao, godoro lao, wakimpita mama mmoja mmoja kumshukuru, kana kwamba yeye ndiye alinunua vyote. Alipokea shukrani zote. Kuhusu kanga, dada yake alisema ilikuwa zawadi. Walibishana siku kumi, kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio, kuanzia chai ya asubuhi, na sijapata kuwaona watu wakifurahi namna ile.

Siku ya kuondoka nililitazama gari likiwa limesimama tupu, juu juu, kama lile la zamani, nikapata hofu yangu ya zamani pia. Lakini kabla sijamaliza kufikiri wajomba walikuwa wamefika na muhogo mkavu. Halafu magunia ya mbaazi, nazi, korosho za muuza magodoro, ndoo ya asali ya mshonaji, kila mzigo na jina lake limeandikwa kwa mkaa. Niliingia chini ya gari mbele ya watu wote, nikapitisha mkono juu ya ekseli. Vidole sita viliingia na nafasi ikabaki.

"Bado," nilisema kutoka kule chini.

Hawakuuliza bado nini. Nilisikia miguu ikikimbia kwenda kuchukua gunia jingine, na juu yangu, ndani ya gari, mama alikuwa ameshaanza kumsimulia dada yake jambo kupitia dirisha.